Dukuduku: mwongozo kamili wa neno la yale yaliyobaki moyoni

Ukimwuliza mtu wa Lubumbashi kama kuna kitu kimemkera, jibu la haraka ni "haina neno". Maana yake mambo ni sawa. Lakini mtazame anavyolisema. Akilisema huku anakunja kikwembe (kitenge) chake upya na macho yako kwenye kizingiti, neno lipo, tena limekaa pale pale kati ya koo na kifua. Limekosa mlango tu. Kiswahili kina jina la neno hilo lililokosa mlango: dukuduku.

Mwongozo huu umeandikwa kwa walimu, watangazaji, wahubiri, makatibu wa likelemba (chama cha kuchangiana pesa kwa zamu), wafasiri wanaogeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, na yeyote mwenye ujumbe mgumu wa kuandika leo usiku. Neno dukuduku husikika zaidi katika Kiswahili cha vitabu kuliko cha mtaani. Kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, watu husema "niko na neno mu roho", au "kuna kitu mu moyo". Ni kitu kile kile. Faida ya dukuduku ni kwamba linakusanya sentensi nzima katika neno moja, na linaeleweka kuanzia Lubumbashi na Bukavu hadi pwani.

Maana yake kwa ukamilifu

Dukuduku ni jambo ambalo mtu hajalisema, linalomsumbua, na linalotaka kutoka. Yote matatu lazima yawepo.

Kwanza, halijasemwa kwa anayehusika. Likishasemwa kwake linabadilika jina: linakuwa swali, ombi, lalamiko, au maneno, kwa ile maana tunayoijua Kongo ya mgogoro unaohitaji mtu wa kuukata. Kumsimulia jirani hakutoshi. Mtu anaweza kuwasimulia majirani 10 na dukuduku likabaki palepale, kwa sababu sikio lililokusudiwa bado halijasikia.

Pili, linasumbua. Kitu ulichokisahau mpaka ukakumbushwa hakikuwa dukuduku.

Tatu, linataka kutoka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwenye siri anailinda isitoke. Mwenye dukuduku analizuia kwa woga, kwa heshima, kwa aibu au kwa kukosa nafasi, lakini ndani yake linasukuma. Ukiwa na shaka ni neno gani utumie, jiulize: mtu huyu akipata msikilizaji anayemwamini na dakika 10 bila kukatizwa, atasema? Kama atasema, andika dukuduku. Kama hatasema, tafuta neno jingine.

Dukuduku si lalamiko peke yake. Mgonjwa aliyetoka kwa daktari bila kuuliza dawa atameza hadi lini ana dukuduku. Mwanafunzi aliyeona kosa ubaoni akaogopa kuinua mkono ana dukuduku. Ndiyo maana mwalimu mzuri humaliza somo kwa kusema, "Mwenye dukuduku aulize." Akisema "mwenye swali" anawapata wale waliokwisha kupanga swali lao. Akisema "mwenye dukuduku" anawaita pia wale ambao jambo linawasumbua na hawajajua waliulizeje. Furaha inayosubiri kusimuliwa haiitwi dukuduku. Hiyo ni hamu.

Sufuria moja, maneno tisa

Maneno ya jirani yanachanganywa kila siku, hata kwenye redio. Tuchukue kisa kimoja tukipitishe katika yote. Mama mmoja ana sufuria kubwa ya aluminiamu, ile ya kusongea bukari, yaani ugali, la watu wengi. Jirani kafiwa, akaiazima kwa ajili ya kilio. Baada ya siku chache sufuria ikarudi, imesuguliwa vizuri, lakini mkono mmoja umekatika na pale ulipokuwa kuna tundu mbili. Jirani akaiweka mlangoni. Mwenye sufuria akaziona tundu, akasema "haina neno".

Wiki ile ya kwanza anataka kuuliza ilikuwaje, ila msiba bado mbichi na anaona haya. Hilo ni dukuduku.

Miezi ikipita, hataki tena kuuliza. Anataka siku moja jirani naye apatwe na hasara. Sasa ni kinyongo. Tofauti ni hii: dukuduku linatafuta msikilizaji, kinyongo kinatafuta malipo. Kosa kubwa kuliko yote katika matumizi ya neno hili ni kumwambia mwenye dukuduku kwamba ana kinyongo. Umemshitaki kwa ubaya ambao bado hajaufikia, na mara nyingi atanyamaza moja kwa moja.

Fundo liko upande wa kinyongo, ila limekazwa zaidi. Aliyefunga fundo amekwisha kuamua. Umwombe msamaha leo, atakuitikia kwa mdomo tu. Tunasema fundo hufunguliwa na dukuduku hutolewa. Usibadilishane vitenzi hivi.

Mtoto wa jirani anakuja kwa mwenye sufuria, anamnong'oneza kwamba ni yeye aliyeiangusha, anamsihi asimwambie mama yake. Hiyo ni siri.

Mwenye sufuria anajua jirani hana senti ya kuitengeneza, kwa hiyo hata watu wakiuliza mkono uko wapi, anageuza mazungumzo. Amemsitiri. Stara ni kunyamaza kwa ajili ya heshima ya mwingine, na haimlemei mtu kifuani. Ikianza kumlemea, dukuduku limeingia ndani ya stara, jambo linalotokea sana kati ya mawifi.

Au anamwita jirani pembeni, anamwambia habari ya mkono, lakini hamwambii kwamba vifuniko viwili alivyoazima mwaka jana navyo havikurudi. Hilo la pili ameliweka kwa busara, kwa kuwa kesho wataonana tena bombani. Ameweka akiba ya maneno. Msemo huu ni wa sifa. Usimwonee huruma mwenye akiba ya maneno, wala usimhimize aitoe.

Au anasema kwa sauti, jirani akiwa anapita: "Siku hizi hata sufuria zinasafiri, zikirudi hazina mikono." Hilo ni fumbo, na kwa ukali wake ni kijembe. Watu hudhani fumbo ni namna ya kutosema. Sivyo. Fumbo limesemwa, kilichofichwa ni uso wake tu. Pwani ujumbe wa namna hii huchapwa kabisa kwenye kanga. Kwa mwenye dukuduku, fumbo ni njia mbaya: linamwumiza msikilizaji bila kumpa nafasi ya kujibu, na kifua cha msemaji kinabaki kilivyokuwa.

Vimebaki vitenzi viwili, kumezea na kunyamazia. Amemezea mkono wa sufuria: ameumia, akajizuia. Amenyamazia: alipaswa kusema, hakusema. Kunyamazia kuna lawama ndani yake, kumezea kuna huruma. Mwandishi wa habari anayeandika kwamba wazee "walinyamazia" jambo ajue amekwisha kuwahukumu.

Wasiwasi nao huwekwa mahali pa dukuduku, bure. Wasiwasi unahusu yatakayotokea. Dukuduku linahusu kitu ambacho tayari kipo.

Sarufi: lichukulie kama "neno"

Dukuduku liko katika ngeli ya LI-YA. Njia rahisi ya kukumbuka ni kuweka "neno" mahali pake. Neno langu limebaki, dukuduku langu limebaki. Maneno yao yamekwisha, madukuduku yao yamekwisha. Wingi wake hautumiki sana. Ukiwahutubia watu wengi ni vizuri zaidi kusema "kila mmoja atoe dukuduku lake". Huandikwa kwa pamoja, bila nafasi wala kistari katikati, na mkazo huanguka kwenye silabi ya tatu: du-ku-DU-ku.

Katika Kiswahili chetu cha kila siku utasikia "dukuduku yangu", kama tunavyosema "neno yangu". Kwenye gazeti, barua rasmi na mtihani, andika langu. Lakini mtu akiwa mbele yako anatoa lililomkaa moyoni, usimsahihishe ngeli. Atafunga mdomo, na hatakuja tena kwako.

Angalia pia dogo na kidogo. "Nina dukuduku dogo" ni jambo lenyewe kuwa dogo. "Nina dukuduku kidogo" ni kwamba linanisumbua kiasi, ingawa jambo laweza kuwa kubwa. Mwenye adabu anayetaka kumfungulia mkubwa wake mazungumzo huchagua la pili, kwa sababu hapunguzi uzito wa jambo.

Vitenzi vinavyokaa nalo vizuri ni kuwa na, kubaki na, kuzuia, kutoa na kumaliza. Dukuduku lenyewe humkaa mtu, humjaa kifuani, na mwisho humtoka. "Kusema dukuduku" kunaeleweka, ila ni dhaifu. "Kufanya dukuduku" si Kiswahili.

Kitenzi cha kutoa kina miundo mitatu inayofanana kwa sikio na kutofautiana kwa maana:

"Mama alitoa dukuduku lake." Alilisema.

"Mama alimtolea kaka yake dukuduku lake." Kaka ndiye aliyesikia.

"Kaka alimtoa mama dukuduku." Kaka alijibu, na jambo likaisha.

Silabi moja, "le", ndiyo inayotenganisha kusikilizwa na kuondolewa mzigo. Mchungaji akisema muumini amemtoa dukuduku, wakati yeye ndiye aliyesikiliza, amegeuza kisa kizima.

Kulitoa: hatua kwa hatua

Anza kabla hujafungua mdomo. Liandike dukuduku lako kwa sentensi mbili, si zaidi. Ya kwanza ni tukio na siku yake. Ya pili ni unachoomba. "Sufuria niliyokupa Jumatano ilirudi bila mkono mmoja. Naomba tuitafutie fundi." Kama haliingii katika sentensi mbili, huna dukuduku moja. Una matatu, na ukiyatoa kwa pamoja msikilizaji atajibu lile jepesi na kuyaacha mengine. Chagua moja.

Kisha chagua sikio. Kwa rika lako, nenda mwenyewe. Kwa baba mkwe au mama mkwe, desturi za Katanga na za Kivu hazimpi kijana njia ya moja kwa moja. Hupitia kwa shangazi, mjomba au yaya (kaka au dada mkubwa) wa upande ule. Tumia mjumbe mmoja tu, na umpe sentensi zako mbili azirudie mbele yako mpaka ziwe zile zile. Mjumbe akipewa hisia badala ya maneno ataongeza chumvi bila kukusudia, na kitakachofika ni kitu ambacho hukukisema.

Wakati. Usilitoe chakula kikiwa mezani, kwa sababu mwenye kukukosea hataweza kuondoka wala kula. Usilitoe mbele ya watoto, wala kwenye kilio. Kilio hasa kiepuke: watu wamechoka, hawakulala, wametoka mbali, na neno dogo lililotupwa pale hukumbukwa na ukoo mzima kwa miaka. Saa nzuri ni jioni baada ya kula, mkiwa wawili, mmekaa. Kusimama kunaleta harufu ya ugomvi.

Omba mlango. "Baba, naomba ruhusa, kuna dukuduku limenikaa." Kwa lugha ya nyumbani: "Yaya, niko na neno mu roho, naomba nikuambie." Halafu nyamaza. Subiri aseme "leta" au "sema, mwanangu". Ukiruka hatua hii umemvamia, hata kama maneno yako yote ni ya haki. Akisema si sasa, uliza lini, na ukubali siku atakayotaja.

Sema tukio, usiseme tabia. "Sufuria ilirudi bila mkono" kuna jibu lake. "Wewe huheshimu vitu vya watu" hakuna jibu isipokuwa kujitetea. Epuka "kila mara" na "siku zote", kwani msikilizaji atatafuta siku moja ambayo haikuwa hivyo, ataipata, na mazungumzo yatahamia huko.

Ukimaliza, tamka: "Nimemaliza." Watu hulidharau neno hili, nalo ndilo linalofanya kazi kubwa. Bila hilo, msikilizaji hajui kama kuna jingine linakuja, kwa hiyo anajibu haraka ili akuzuie. Ukisema umemaliza, anapumua, anafikiri.

Akishajibu, yeye au wewe aulize: "Kuna lililobaki?" Likibaki, semeni siku ya kulirudia. Lisibaki hewani.

Kulipokea na kuliita

Kuna watu hawatasema mpaka waulizwe, na namna ya kuuliza ina nguvu. "Una dukuduku gani?" inambana mtu, maana "gani" imekwisha kuamua kwamba analo. "Wewe una dukuduku!" ni shitaka. Tumia "kama": "Kama kuna dukuduku, mimi nipo, hata kesho." Linamwachia mtu ufunguo mkononi mwake.

Usikatize. Mtu anayetoa dukuduku huanza mbali, na jambo lenyewe huja mwishoni, mara nyingi kwa sauti ya chini na kwa sentensi fupi. Ukimkata katikati ukamjibu lile la mwanzo, umejibu kifuniko ukaacha chungu. Akimaliza, rudia ulichosikia kwa maneno yake mwenyewe, ndipo ujibu.

Katika mkutano, mahali pa dukuduku kwenye ajenda ndipo panapoamua kama yatatoka. Chukua likelemba ya watu 12. Makatibu wengi huweka nafasi ya maoni mwisho, chini ya "mengineyo", baada ya pesa kukusanywa na aliye na zamu kuzipokea. Hapo watu wameshika mikoba tayari. Weka kabla ya pesa. Mpe kila mtu dakika 3, jumla dakika 36, na aliye na saa awe mmoja. Anza na mdogo kabisa kwa umri, umalizie na mwenyekiti. Ukianza na mkubwa akasema "haina neno", hakuna mdogo atakayethubutu kuwa na neno baada yake. Utaratibu huu unafaa hata kwa kamati ya kanisa, ya shule, au barza la wazee kama yale ya Kivu.

Katika daftari la mkutano, katibu aandike jambo, asiandike hisia. "Mwanachama aliomba zamu zitangazwe mwezi mmoja mapema" kunatosha. Akiandika "alitoa dukuduku kwa uchungu", mwakani mtu huyo atanyamaza.

Kulifasiri

Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba (Kiluba cha Kasai) kuwa lugha za taifa. Matokeo yake ofisini ni kwamba mtu anaeleza jambo lake kwa Kiswahili na karani analiandika kwa Kifaransa. Hapo dukuduku huharibika kwa urahisi.

Kifaransa kina "non-dit", yaani kisichosemwa, nalo liko karibu. Lakini non-dit hukaa kati ya watu: familia nzima inaweza kuwa na non-dit ambayo wote wanaijua. Dukuduku hukaa ndani ya mtu mmoja, na huenda mwingine hana habari nalo kabisa. Kwa "ana dukuduku", tumia "il en a gros sur le cœur". Kwa "kutoa dukuduku", kuna "vider son sac", ila ni usemi wa mtaani. Usiuweke kinywani mwa mzee. Usiandike "rancune", hicho ni kinyongo. Usiandike "arrière-pensée", hilo ni kusudi lililofichwa. Na karani wa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, asiandike "plainte", yaani mashitaka, mtu anaposema ana dukuduku. Plainte kwa kawaida ina mshitakiwa. Mwenye dukuduku huenda alikuja kuuliza tu, na karatasi ikishapigwa muhuri ni vigumu kuirudisha.

Kwa ujumbe wa simu

Usilitoe kamwe kwenye kundi la WhatsApp. Andika kwa mhusika peke yake, na uwe mfupi kiasi kwamba anaweza kuusoma bila kusogeza kioo. Epuka ujumbe wa sauti wa dakika 6: hasira husikika humo hata pale ambapo haikuwepo, na mtu mwingine anaweza kuusikia simu ikiwa juu ya meza. Kwa ile sufuria, ungekuwa hivi:

"Habari ya jioni, mama. Poleni tena na msiba. Nina dukuduku kidogo, sikutaka kulisema siku zile. Sufuria ilirudi bila mkono mmoja. Naomba siku ukiwa na nafasi tuipeleke kwa fundi pamoja. Ni hilo tu."

"Ni hilo tu" hapa ndiyo "nimemaliza" ya kwenye maandishi. Na anayepokea asijibu "haina neno". Ajibu jambo lenyewe: "Asante kwa kuniambia, mama. Niliona haya. Jumamosi asubuhi nitakuja kuichukua."